Kadi ya QSL iendelee, lakini logi ya kielektroniki itangulie

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala usioisha miongoni mwa waendeshaji wa redio za ridhaa: mawasiliano yathibitishwe kwa kadi ya karatasi inayopita posta, iitwayo QSL, au kwa logi, yaani kumbukumbu za mawasiliano, zinazotumwa kwa intaneti? Kwa mwendeshaji wa Ujerumani au Japani hilo ni suala la kupenda tu. Kwa mwenye kituo ambacho alama yake inaanza na 5H, 5Z au 5X ni suala la deni. Vituo vya Tanzania, Kenya na Uganda vinavyosikika hewani ni vichache, hivyo anayewasha mtambo wakati bendi ya mita 15 imefunguka na mawimbi yanafika mbali anaweza kuacha nyuma yake mamia ya watu wanaosubiri uthibitisho. Kuwatumia wote kadi na stempu kutoka mfukoni mwako ni ndoto.

Ndiyo maana nasema logi ya kielektroniki itangulie, na kwanza LoTW (Logbook of The World), mfumo wa intaneti ambao chama cha waendeshaji cha Marekani, ARRL, kiliuanzisha mwaka 2003. Mfumo mwingine, eQSL, ni rahisi zaidi na kadi zake za picha zinavutia, lakini ARRL haiikubali kwa tuzo ya DXCC, ile inayodai uthibitisho wa nchi na maeneo yasiyopungua 100. Anayekusumbua kwa ajili ya 5H mara nyingi anaitafuta hiyo.

Wengi hukwama mwanzoni kabisa. TQSL, programu ya LoTW ya kompyuta, hutengeneza faili la maombi lenye mwisho wa .tq5. Ulitume kwa ARRL pamoja na nakala ya leseni na ya kitambulisho kingine rasmi, kisha usubiri faili la .tq6, ambalo ndilo cheti chako. Hilo la pili lifunguliwe kwenye kompyuta ileile iliyotengeneza la kwanza, kwa sababu ufunguo wa siri haujawahi kutoka humo. Mtu akiipiga fomati kompyuta katikati ya kusubiri, .tq6 ikifika haina kazi na maombi yanaanza upya. Tarehe ya kuanza unayojaza iwe ya mawasiliano yako ya kwanza kabisa kwa alama hiyo ya kituo. Ukiweka ya leo, mawasiliano ya miaka iliyopita yatakataliwa. Cheti huisha baada ya miaka mitatu. Ukikihuisha kabla hakijafa, ombi husainiwa kwa cheti cha zamani na hudaiwi nyaraka tena.

Halafu kuna saa. Hapa ndipo logi nyingi za kwetu huharibikia. LoTW hulinganisha alama za vituo viwili, bendi, aina ya mawasiliano na muda, ambao haupaswi kupishana zaidi ya dakika 30. Ripoti ya usikivu, ile ya 59, haiiangalii kabisa. Muda wenyewe ni wa UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tunahesabu saa kwa namna yetu. Saa 4 asubuhi ya Dar es Salaam ni 0700 UTC; saa 2 usiku ni 1700. Mtego mkubwa ni kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa tisa: saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 10 ni 2300 UTC ya tarehe 9. Ukikosea, mfumo haukugombezi. Unapokea logi, unanyamaza, na mwenzako anabaki akidhani umemdharau.

Wanaotumia FT8, mawasiliano ya kidijitali yanayoendeshwa na kompyuta, wasijione wamesalimika. FT8 hujali sekunde tu, kwa kuwa mizunguko yake ni ya sekunde 15. Kompyuta iliyowekwa majira ya London, kisha saa yake ikasogezwa kwa mkono ili ifanane na ya Nairobi, itapokea na kujibu vizuri kabisa huku ikiandika logi iliyokosewa kwa saa nzima kadhaa. Rekebisha kwanza majira ya eneo, ndipo uguse saa.

Aliyehamisha mtambo kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja atengeneze mahali pengine ndani ya TQSL. Dar es Salaam na mji wa Unguja zote zimo katika mraba wa ramani ya redio wa KI93, hivyo kinachowatofautishia wakusanyaji wa visiwa ni namba ya Unguja katika IOTA, orodha ya visiwa ya waendeshaji, yaani AF-032. Alama ya kituo ikibadilika, kwa mfano kutoka 5H3 kwenda 5H1, inahitaji cheti chake.

Je, karatasi itupwe? Hapana. Mei 2024 mifumo ya ARRL ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na LoTW haikurudi hadi Julai 1. Aliyekuwa na kadi mkononi hakupata shida. Pia Zanzibar ilihesabiwa peke yake katika DXCC kwa mawasiliano ya hadi Mei 31, 1974, na wengi wenye kuthibitisha VQ1, alama ya zamani ya Zanzibar, wanathibitisha kwa kadi.

Lakini kadi ifanywe sawasawa. Iwe sentimita 9 kwa 14, karatasi ngumu, upande wa kuandikia usiong'ae, maana wino hufutika kidoleni. Mwezi uandikwe kwa herufi. 03/04 kwa Mmarekani ni Machi, kwetu ni Aprili. Ukikosea usifute wala usiandike juu yake. Kadi iliyorekebishwa hukataliwa na wakaguzi, basi chukua nyingine. Kwenye bahasha usiandike alama ya kituo hata kidogo: wezi wa barua wanajua kwamba humo huwa na dola za kugharimia jibu. Na kama sanduku lako la posta ni la shule au ofisi, afadhali umtumie msimamizi wa kadi aliye Ulaya, umpe logi yako, naye achapishe na kutuma kwa wanaoomba na kulipia. Mradi logi hiyohiyo uwe umeshaipakia LoTW, tena wiki ileile ya mawasiliano, si baada ya mwaka.

Mpenzi wa redio za ridhaa,
Dar es Salaam