Usilipe kabla hujapiga magoti

Katuba, Lubumbashi
Septemba

Mwanangu mpenzi,

Picha za ile nyumba ya ghorofani unayotaka kupanga zimefika. Mama yako amezitazama mpaka simu ikazimika. Yeye alitazama madirisha, mimi macho yangu yakaenda sakafuni, maana mbao ndizo zilizokulipia shule.

Ile ya sebuleni ni parke ya zamani, vibao vifupi vilivyopangwa kama mkeka. Kwa rangi yake nadhani ni mninga, mti ambao sisi huku tunauita mulombwa, ule ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Kama ndio wenyewe, umepata sakafu njema, haisumbuliwi sana na kubadilika kwa majira. Lakini mama, usitoe hata franka moja kabla hujapiga magoti.

Piga magoti kweli. Gonga kwa kidole kandokando ya kuta. Ubao mzima hutoa sauti kavu. Ulioliwa na mchwa hulia kama debe tupu, na mji wetu huu umekaa katikati ya vichuguu. Kisha nenda mlango wa bafu. Ukiona weusi kwenye maungio, maji yamekuwa yakipita hapo muda mrefu. Dondosha tone la maji katikati ya chumba: likisimama kama ushanga, vanishi bado ipo, likizama na kuacha doa, ubao uko uchi. Nyufa nyembamba zisikutishe. Huu ni mwisho wa kiangazi, mbao zimekauka na kujikunja, na mvua za Desemba zitazifunga zenyewe. Mwenye nyumba akitaka kuziziba sasa, mwombe asubiri, kwa sababu mbao zikivimba zikakosa nafasi zitainuka.

Sakafu ya chumba cha nyuma siipendi. Kwenye picha nimeona vibao viwili vyenye jicho lilelile, mahali palepale. Mti hauzai mapacha namna hiyo. Ile ni karatasi iliyochapwa sura ya ubao na kubandikwa juu ya unga wa mbao uliogandishwa. Si dhambi kupanga chumba chenye sakafu hiyo, ila usilipie bei ya mulombwa, na ujue kwamba ikilowa haina dawa.

Sasa la maandishi, na hapa nakusihi. Tulipohama Kamalondo wewe ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Mwenye nyumba akatuonyesha duara jeusi la mbabula, yaani jiko la mkaa, sakafuni, akasema ni letu. Duara lile tulilikuta. Hatukuwa tumeandika kitu, wala shahidi hatukuwa naye, na dhamana yote ikabaki kwake. Kaka yako alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Mpaka leo naliona duara lile.

Kwa hiyo kabla kitanda hakijaingia, zungukeni na mwenye nyumba chumba kwa chumba, muandike kila mkwaruzo na kila doa, mpige picha, mtie sahihi wote wawili. Komisioneri, yule dalali wa nyumba, akikudai dhamana ya miezi sita, mwambie kwa upole kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Najua wengi hawaifuati. Wewe itaje hata hivyo.

Ukishaingia, umeme utakatika, utatafuta mbabula. Iwashe nje kwenye baraza, juu ya matofali. Ndani usiiingize kabisa, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu tu na baridi ya Juni inauma. Sakafu inaweza kurandwa, lakini hewa ya makaa inaua watu usingizini bila kelele. Bidoni za maji ziweke jikoni kwenye saruji. Na sombe, majani yetu ya muhogo, njoo uitwange huku kwetu Jumamosi. Kinu juu ya mbao kitamtoa usingizini mtu wa chini, nawe bado hujamjua.

Mama yako amekata lile blanketi la kijivu, lile ulilolalia ulipokuwa na surua. Ametoa vipande kumi na viwili: vinne vya kitanda, vinne vya meza, vinne vya kabati. Vibandike chini ya miguu ya vyombo hivyo kabla hujavuta kitu chochote. Nitavileta mwenyewe pamoja na msasa na kopo la nta, niambie tu siku mtakayozunguka na mwenye nyumba, nami nitapiga magoti pembeni yako.

Baba yako