Baiskeli za Jumamosi zifike kwangu Ijumaa

Wapendwa, habari za jioni. Matatu ya kwenda mbuga ya Hell's Gate tumeipata, tunatoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baiskeli ni 9 na keria inabeba 6 tu, kwa hivyo zile 3 za watoto tutazilaza ndani, nyuma ya kiti cha mwisho.

Tafadhali leteni Ijumaa jioni, gurudumu la mbele likiwa limetolewa na pedeli zimefunguliwa. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume: ukiizungusha kama skrubu ya kawaida unaikaza zaidi, msije mkaivunja. Cheni ifungwe kitambaa kizee. Mwaka jana grisi iliharibu leso mpya ya shangazi, na bado inaniuma. Mimi nitazifunga kwa mipira ya tyubu, upande wa gia ukiangalia juu. Tutasimama Gilgil nizikague tena, kwa sababu kamba hulegea gari likitikisika.

Helmeti kila mtu abebe yake. Kiingilio cha mbuga nitalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, basi nitumieni pesa kabla ya Alhamisi.

Mjomba, pampu yako tafadhali, na viraka. Kule kuna miiba.