YAH: MALALAMIKO KUHUSU VYUNGU VYA ZIRKONIA VILIVYOPASUKA

Karakana ya Kusubu Vyuma,
Kizota, Dodoma.

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mwezi uliopita tulinunua kwenu vyungu vinne vya kuyeyushia chuma cha pua, ambacho tunakisubu kuwa parafujo za mashine za kukamua alizeti, na ankara yenu inasema wazi kwamba ni vya zirkonia (kauri ya oksidi ya zirkoni) iliyoimarishwa kwa itria (oksidi ya itri). Vitatu vimepasuka, kila kimoja katika moto wake wa kwanza. Ashukuriwe Mungu, chuma kilikuwa kimeshamiminwa.

Cha kwanza kilipopasuka, fundi wenu alitueleza kwa simu kwamba tulikuwa na pupa ya moto. Tukamtii: viwili vilivyofuata tulivipandisha na kuvishusha nyuzi 100 kwa saa, kama karatasi yenu ya maelekezo inavyotaka, na daftari la tanuri lipo. Vilipasuka vilevile, tena wakati wa kupoa, joto liliposhuka chini ya nyuzi 1,000, kwa mlio kama wa bisi.

Kwa maoni yetu, mlio huo ni ushahidi tosha. Zirkonia tupu huhimili moto mkali mno, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 2,700 hivi, lakini fuwele zake hubadilika umbo zinapofika takriban nyuzi 1,170, na zinapopoa hurudia umbo la awali huku zikitanuka kwa asilimia 4 hadi 5, jambo ambalo chombo kigumu kama chungu hakiwezi kulistahimili bila kupasuka. Itria huongezwa ili kuzuia badiliko hilohilo. Kwa hiyo tunaamini kwamba mlichotuuzia hakikuimarishwa, au kiliimarishwa nusunusu, kwa bei ya kitu kamili. Vyungu vyetu vya zamani vya alumina (kauri ya oksidi ya alumini), ambavyo ni vya bei rahisi zaidi, havikuwahi kutufanyia hivi.

Tunaomba cheti cha maabara cha shehena hiyo kinachoonyesha kiasi cha itria, pamoja na kurejeshewa fedha za vyungu vyote vinne na gharama ya kuvisafirisha. Cha nne hatujakigusa. Kimo ndani ya sanduku lake, nasi tuko tayari kipimwe mbele ya pande zote mbili. Mteja wetu wa Kibaigwa anasubiri parafujo na msimu wa kukamua umeshaanza, hivyo tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa Karakana