Salimu, Nani Atakufuata Pyongyang?

Muheza, 14 Julai 2019

Mwanangu Salimu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, ila miguu bado inamvimba jioni. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa baba, sawa baba" mpaka nasahau nililokupigia. Zuhura atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa WeChat. Isome yote.

Zuhura ndiye aliyeponyokwa na ulimi. Hakukusudia kukuchongea, usimgombeze. Amesema umejiandikisha na wenzako wa bweni kwenda Korea Kaskazini mwezi wa nane kuangalia halaiki ya Pyongyang, na arubuni umekwisha kutoa. Nilikuwa natia mpini jembe. Nikauweka chini, nikakaa kizingitini, nikamwambia arudie.

Siku chache tu kabla ya hapo redio ilikuwa imetangaza habari za yule kijana wa Australia, Alek Sigley. Huyo hakuwa mgeni wa siku nne. Alikuwa akisoma shahada ya pili ya fasihi ya Kikorea katika Chuo Kikuu cha Kim Il Sung huko Pyongyang, lugha yao anaijua, hata harusi yake aliifanyia huko huko. Mwezi uliopita, tarehe 25, akatoweka. Zaidi ya wiki nzima wazazi wake hawakujua yuko wapi. Tarehe 4 mwezi huu Wakorea wakamwachia, akapandishwa ndege hadi Beijing, na wao wakatangaza kwamba alikuwa mpelelezi. Waliokwenda kumwombea ni Waswidi, maana Australia haina ubalozi Pyongyang na Sweden inao.

Sasa nakuuliza, Salimu, sisi nani atatuombea? Balozi wetu yuko Beijing. Siku ya kurudi ikipita na wewe hujatokea, nani atakufuata? Mimi, na pasi yangu ya kusafiria iliyokwisha muda tangu nilipotoka Hija?

Najua utasema baba anaogopa redio. Mimi sikuoni mtoto. Una miaka 24, uko mwaka wa nne wa udaktari, Kichina umekijua mpaka unawahoji wagonjwa wodini. Jina la Zuhura ulilomwandikia kwa herufi za Kikorea amelinakili kwenye karatasi, nami nimelibandika juu ya kabati la redio. Kila anayeingia namwonyesha, namwambia kijana wangu amejifunza herufi hizi peke yake kwa wiki mbili. Alichojifunzia simwambii.

Kinachoniumiza ni namna unavyoizungumza ile familia ya akina Kim inayotawala kule. Tangu mwaka juzi kila simu ni wao. Kim Jong-un alisoma Uswisi kwa jina la uongo. Mdogo wake wa kike amekwenda Korea Kusini kwenye Olimpiki. Hoteli yao ya ghorofa 105 ilianza kujengwa 1987 na mpaka leo haijalaza mgeni. Unanihesabia babu Kim Il Sung, mwana Kim Jong-il na mjukuu Kim Jong-un kama anayesimulia tamthilia ya jana, tena unacheka. Ile ya Mlima Paektu ulicheka mpaka ukapaliwa: kwamba watoto wao wanafundishwa Kim Jong-il alizaliwa mlimani mwaka 1942, nyota mpya ikatokea na upinde wa mvua, kumbe kumbukumbu za Warusi zinasema alizaliwa 1941 katika kijiji cha Vyatskoye, karibu na Khabarovsk, baba yake akiwa askari katika jeshi lao. Ni kweli inachekesha ukiwa Shenyang, China. Mwalimu wa kwao anayesimama mbele ya darasa kuifundisha hana pa kuchekea.

Na hao wenyewe kwa wenyewe wanafanyiana nini? Jang Song-thaek alikuwa mume wa shangazi wa huyu kijana anayetawala. Desemba 2013 walimwinua kitini katikati ya mkutano, kamera zikimtazama, na siku chache baadaye wakamuua. Wakapitia pia filamu za habari zilizokwisha kuonyeshwa, wakamkata kila alipotokea, aonekane kama hakuwahi kuwepo. Kim Jong-nam ni kaka wa Kim Jong-un kwa baba mmoja. Tarehe 13 Februari 2017 alipakwa sumu usoni katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, asubuhi, watu wakipita na mabegi yao. Kama hiyo ndiyo damu yao, wewe kwao ni nani?

Habari za kumkata mtu kwenye picha zilinikaa vibaya nilipozisoma. Mama yako alikuwa anasuka ukili pale barazani, akaniangalia, hakusema kitu. Rehema alikuja wiki iliyopita na wanawe wawili, wakakaa siku tatu. Ile picha yake nimeirudisha ukutani. Kioo kimepata ufa kwa kukaa stoo, nitatafuta kingine nikienda Tanga.

Najua pia ugonjwa huu ulikoutoa. Yale magazeti ya Kikorea yenye karatasi inayong'aa, uliyoyakuta ndani ya sanduku langu la bati, hakuna aliyeniletea kwa nguvu. Niliandika mwenyewe ubalozini kwao Dar es Salaam nikiwa chuo cha ualimu, wakanitumia bure, pamoja na vitabu vya hotuba za Kim Il Sung. Miaka ya 1983 na 1984, sisi tunapanga foleni ya sabuni na kilo ya sukari, mimi nilikuwa nafungua kurasa zile usiku: matrekta, mashamba ya mpunga yaliyonyooka kama rula, watoto wa skauti nyekundu wenye mashavu. Nikasema hawa wameweza. Nikawasomea wanafunzi wangu. Miaka kumi baadaye watu wa nchi ile wakala magome na nyasi. Wako wanaokadiria waliokufa kwa njaa ile kuwa laki kadhaa, na wako wanaosema zaidi ya milioni mbili. Kim Il Sung alikuwa amefariki Julai 1994, wiki hii imetimia miaka 25, na ikulu yake wakaigeuza kaburi la marumaru akalazwa humo ndani ya kioo. Magazeti yaliendelea kuja na picha za mpunga.

Wewe uliyakuta ukiwa darasa la tano, ukaniuliza, nami nikakujibu kwa fahari. Nilipojua zaidi sikukuita kukuambia. Nilifunga sanduku tu.

Usinijie na hoja ya kwamba Mwalimu Nyerere alikwenda huko 1968. Mwalimu alikwenda akiwa mkuu wa nchi. Na wakati ule wengi wetu tuliwaona kama watu waliokwisha kusimama kwa miguu yao wakati sisi tunatambaa.

Hujawahi kunisikia nikisema habari ya yule daktari wa Kikorea. Mgongo ulipokuwa unanisumbua, kabla sijastaafu, nilipelekwa kwenye zahanati moja ya Wakorea Dar es Salaam. Alinichoma sindano zao, mkono wake mwepesi sana, na kifuani ana beji yenye sura ya kiongozi. Siku ya tatu nikamwuliza kwa Kiswahili cha polepole ana watoto wangapi. Swali la kawaida la mgonjwa kwa tabibu. Akamtazama kwanza mwenzake aliyekaa pembeni. Mwenzake akatikisa kichwa kidogo. Ndipo akaniinulia kidole kimoja, akarudi kwenye sindano zake. Mtu mzima, daktari kama utakavyokuwa wewe, anaomba ruhusa ya kusema ana mtoto mmoja.

Nakukumbusha hilo kwa sababu una mdomo, Salimu. Umerithi kwangu. Utapewa waongozaji wawili na hamtatoka hotelini bila wao. Mmoja atakuwa msichana au mvulana wa umri wako, anajua Kiingereza, anacheka vizuri, na siku ya pili utamwona rafiki. Utamwuliza juu ya kambi. Umoja wa Mataifa mwaka 2014 uliandika kwamba kambi za kisiasa zina watu kati ya 80,000 na 120,000, na kwamba kosa la mtu mmoja linaweza kubeba wazazi wake na watoto wake, vizazi vitatu. Wewe ukishauliza utavuka daraja la Dandong, mpakani mwa China, na treni yako, utarudi bwenini kusimulia. Yule uliyemwuliza atabaki kuandika ripoti ya maneno yako na ya kwake. Naye nani atamfuata?

Unasema unataka kuona kwa macho yako. Utaona nini? Utapelekwa kwenye kilima cha Mansu mbele ya sanamu mbili za shaba, utaweka maua na kuinama. Picha ya sanamu lazima iwe nzima, usikate hata kidole cha mguu. Gazeti lenye sura ya kiongozi usilikunje. Utaona mnara wa Juche, siasa yao ya kujitegemea, wa mita 170. Halafu jioni uwanja wa Mei Mosi, watoto elfu kwa elfu wakifungua na kufunga vitabu vya rangi, bahari inatokea, farasi anatokea, na kila doa la rangi ni mtoto aliyekaa pale miezi akifanya mazoezi.

Halaiki naijua. Nimefundisha halaiki ya Sabasaba miaka sita. Mwaka mmoja mtoto wa mstari wa nne alianguka kwa jua, saa saba mchana, nami nikapiga filimbi nikaamuru mstari uzibe pengo, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho. Mtoto alibebwa kivulini na wenzake. Jina lake nalikumbuka mpaka leo, anauza vipuri vya pikipiki Korogwe, ananiamkia kila tukikutana. Ndiyo maana sitaki ulipe fedha kuangalia ile.

Narudi kwenye lile lile, uniwie radhi. Otto Warmbier alikuwa na miaka 21, mtalii kama wewe, kundi la vijana, siku chache za mwaka mpya wa 2016. Walisema alijaribu kuiba bango la siasa hotelini. Miaka 15 ya kazi ngumu. Juni 2017 walimrudisha kwao hana fahamu, na baada ya siku sita akafa. Huyo ni mtoto wa Marekani, taifa lenye manowari. Mwingine, Jeffrey Fowle, mwaka 2014 aliacha Biblia kwenye klabu ya mabaharia Chongjin, wakamshikilia zaidi ya miezi mitano. Serikali zao zilituma wajumbe, zikaomba. Ukikamatwa wewe, mimi nitaanzia wapi? Kwa mtendaji wa kata?

Usiende. Nimekuwa nikiizunguka kauli hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Na kama utakwenda, maana nakujua, msahafu wako mdogo uache Shenyang. Simu ifute picha na vichekesho vyote vya yule mtu. Usinywe kitu kitakachokulegeza ulimi. Usichukue hata kijikaratasi ukutani. Usimwulize mwongozaji lolote zaidi ya hali ya hewa na chakula. Mwachie rafiki yako mmoja wa kuaminika, asiyekwenda, namba ya Zuhura na ya ubalozi Beijing, na siku na saa treni yako inaporudi Dandong. Hayo nimeyaandika na mkono unanitetemeka, isiwe ndiyo nimekuruhusu.

Kama unaipenda habari ya watu wale, na naona unaipenda kweli, kisome Kikorea ukimalize. Dandong nenda, ni upande wa China. Kaa kwenye lile daraja lililokatwa kwa mabomu ya Wamarekani mwaka 1950, uangalie ng'ambo mpaka uridhike. Utakuwa daktari. Siku milango ile ikifunguliwa watahitaji watu wanaojua lugha yao na dawa, kuliko wanaojua kisa cha nani alimuua nani.

Machungwa mwaka huu yamezaa mpaka matawi yanavunjika, na bei hakuna. Wenye malori wanatupangia wanavyotaka, mengine yanaoza chini. Bati za jikoni sijamaliza upande wa kusini, mama yako anasema masika ijayo hataki kupika na mwavuli. Zuhura anaanza kidato cha tano huko Lushoto, tayari ameanza kulalamikia baridi. Sweta lako la kijani nampa, usikatae. Jirani amesogeza tena mpaka wa shamba, hatua mbili hivi. Nimemwita mwenyekiti wa kitongoji Jumatano tupime. Wewe ungekuwepo ungeshika kamba.

Nipigie Ijumaa baada ya isha ya huku, najua kwenu ni usiku mkubwa. Sema neno moja tu kuhusu safari, mengine tutaongea siku nyingine. Kama hofu yako ni kwamba arubuni hairudishwi, nitajie kiasi. Yule ndama dume amekwisha kupata mnunuzi, nilikuwa namwekea bati. Mama yako hajui, nawe usimwambie.

Baba yako