Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Nakuru: watoto wavute springi kwanza, fomula ije baadaye

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka huku labu. Mimi ni fundi wa maabara, yule mama wa koti jeupe anayepanga stendi na bika kabla mwalimu aingie na kuziosha akishatoka, na hii kazi nimeifanya kwa shule za kutwa hapa Nakuru miaka ya kutosha kuona kitu kimoja kikijirudia. Nakuandikia kuhusu sehemu ndogo sana ya silabasi ya fizikia, ile enaji inayokaa ndani ya springi ukiivuta au ukiifinya, elastiki potensho enaji. Najua meza yako imejaa mambo ya karo, uhaba wa walimu na hawa wa Gredi 10 walioingia Januari 2026, lakini hii naomba uisome yote juu dawa yake iko karibu na sio ya pesa nyingi.

Muite mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne umuulize enaji ya springi ni gani. Atakuandikia E = ½ke² bila kufikiria mara mbili (k ni ugumu wa springi, e ni urefu ulioongezeka ukiivuta). Sasa muulize hiyo nusu imetoka wapi. Atanyamaza, ama atakuambia "ndiyo fomula, madam." Na si mtoto mjinga huyo, ni mtoto anayepata alama nzuri, shida ni kwamba hajawahi kupewa nafasi ya kuikuta hiyo nusu kwa mkono wake, na mada yote imelala hapo kwa hiyo nusu.

Ukishika springi ukaanza kuivuta, pale mwanzo inakufuata tu, haikatai. Kadiri unavyozidi ndivyo inavyozidi kukuzuia. Robert Hooke wa Uingereza aliliandika hili 1678, kwamba vile unaongeza uzito ndivyo urefu unaongezeka kwa kiwango kilekile, na ndio tunaandika F = ke. Maanake fosi haikuwa ileile safari yote, imepanda kutoka sufuri hadi ile ya mwisho. Kwa hivyo kazi uliyofanya huwezi kuipata kwa kuchukua fosi ya mwisho uzidishe na umbali, lazima uchukue wastani, na wastani wa sufuri na ile ya mwisho ni nusu yake. Basi. Ukichora grafu ni pembetatu iliyo chini ya mstari, nusu ya kitako mara kimo, kitu walifunzwa primari. Mtoto aliyechora hiyo grafu kwa namba zake mwenyewe haulizi tena nusu ni ya nini.

Kuna jaribio moja nalipenda kuliko yote na natamani siku moja ulione, Mheshimiwa. Chukua springi ya 25 N/m, hiyo ndiyo k yake, yaani nyutoni 25 kwa kila mita ya kuvutika. Ningʼinizia masi ya gramu 100, hiyo ni kama nyutoni 1, lakini usiiachilie, iteremshe polepole ikiwa imekalia kiganja hadi springi iibebe yenyewe. Itasimama sentimita 4 chini. Sasa waambie wapige hesabu: masi imeshuka sentimita 4, imepoteza jouli 0.04 za enaji. Springi nayo, ukitumia fomula, imeweka jouli 0.02. Nusu haipo! Hapo darasa linaanza kubishana, kila mtu anafikiri mwenzake amekosea kalkuleta, na wanarudia hesabu wanapata vilevile. Waache wabishane kidogo. Halafu rudisha masi juu pale springi haijavutika, na safari hii iachilie tu ghafla. Haisimami kwa 4, inapita, inafika 8 ndipo inageuka kurudi juu, na inapanda na kushuka hivyo mpaka ichoke, itulie palepale kwa 4. Pigeni hesabu tena ya pale chini kabisa: masi imeshuka sentimita 8, imepoteza jouli 0.08, na springi ikiwa imevutika 8 ina jouli 0.08. Sawasawa. Hakuna kilichopotea. Ile nusu ya kwanza ilibebwa na kiganja chako ulipokuwa unaizuia isishuke haraka, na safari hii ya pili, mpaka masi itulie kwa 4, nusu hiyo inaishia kwa joto dogo la hewa na la waya wenyewe kila ikipanda na kushuka. Nimeona wasichana waliokuwa wameshaamua kuacha fizikia wakisimama kwa viti kuangalia ile sindano ya kusomea kwa rula ikigusa 8. Hiyo lesoni ni dakika arobaini.

Na hapo hapo wameona kitu cha pili bila mtu kuwaambia, kwamba sentimita 4 ni jouli 0.02 na sentimita 8 ni jouli 0.08. Umeongeza urefu mara mbili, enaji imekuwa mara nne. Ukienda mara tatu ni mara tisa. Hii sio ya mtihani peke yake. Pita pale jua kali uangalie vijana wakifungua springi ya mbele ya gari wakiibana na klampu. Chukua springi ya 20,000 N/m, ukiifinya sentimita 10 ina jouli 100, ukiifinya 20 ni jouli 400, na hizo ni sawa na mfuko wa simiti wa kilo 50 ukianguka kutoka sentimita 80. Kijana anayefikiri hatari ya 20 ni mara mbili tu ya ile ya 10 ataisogelea na uso wake vile alivyosogelea ile ya kwanza. Wengi wa hao vijana walikaa kwa madarasa yetu, Mheshimiwa, wakaandika e² kwa daftari na hakuna aliyewaonyesha hiyo mbili ndogo pale juu inamaanisha nini kwa mtu anayeshika chuma.

Hata pikipiki ingetosha kufundishia. Shokabzoba ya bodaboda ni springi na oili, gurudumu likigonga shimo springi inapokea, halafu oili inaigeuza ile enaji kuwa joto polepole ndio pikipiki isiendelee kuruka. Oili ikivuja kila fundi anajua, pikipiki inadunda barabara nzima juu springi inarudisha karibu kila kitu ilichopewa. Na hapo kwa kurudisha, wengi wa watoto wetu ni wakimbiaji, na Faith Kipyegon ni wa Keringet, kaunti hii hii yetu, Julai 2025 alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:48.68 akaweka rekodi ya dunia ya wanawake. Ule ukano mnene wa nyuma ya kisigino unavutika kila mguu ukitua, unaweka enaji, na unairudisha mguu ukisukuma chini. Ni mada ileile. Mtoto wa Kuresoi anayetoka shule jioni akikimbia anaifanya kila siku na hajui kama ndiyo ile ya ubaoni.

Sasa nikuambie mambo yakoje kwa labu. Shule moja niliyofanya kazi, siitaji jina, springi zilikuwa kwa boksi moja la kadibodi na nilipozimwaga mezani nikaziangalia moja moja karibu zote zilikuwa zimekufa. Springi nzuri ikiwa imelala tu, haina kitu, miviringo yake imegusana, huwezi kupitisha hata karatasi katikati. Hizi ukiinua kwa dirisha unaona mwanga ukipita kati ya miviringo, hasa pale juu karibu na ndoano, maanake kuna mtu alizivuta zikapita elastiki limiti na hazitarudi tena. Mtoto akipewa hiyo, anaweka gramu 100, anasoma kitu cha ajabu, anaweka 200, anasoma kingine, grafu inaweza kukataa kuwa mstari. Na kwa sababu ameshaambiwa ni lazima iwe mstari, anafuta anaandika 4, 8, 12, 16. Anapika data. Mwalimu ana madarasa mengi na daftari nyingi, anaweka tiki. Hilo ndilo linaniuma zaidi ya kila kitu kwa hii barua, juu huyo mtoto ametoka labu amejifunza kwamba macho yake ndiyo yamekosea na kitabu ndicho kiko sawa, wakati macho yake yalikuwa yanamwambia ukweli kuhusu ile springi.

Halafu kuna ile ya konfidensho. Shule nyingi labu inafunguliwa kwa nguvu ile barua ya siri ya kuandaa vifaa vya pepa ya tatu, ule mtihani wa praktiko, ikikaribia. Ghafla tunatafuta stendi, klampu, mita rula, masi zimepotea, tunaazima shule jirani, wanafunzi wanakaa wanane kwa springi moja, mmoja anashika na saba wananakili. Watafaulu wangapi sio hoja yangu leo. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuelewa enaji ya springi kwa kunakili namba za mwenzake wiki chache kabla ya mtihani. Mada ya Hooke iko kidato cha pili na ya kazi na enaji iko kidato cha tatu, kuna miezi mingi katikati, na hakuna anayerudi kuwaambia kwamba ile grafu ya springi waliyochora ndiyo hii enaji wanayosoma sasa.

Ninachoomba ni hivi. Ofisi yako iwaambie wakuu wa shule kwamba hakuna darasa linapewa ½ke² kabla kila mwanafunzi hajavuta springi kwa mkono wake na kuchora grafu ya namba zake, wakae wawili wawili, wakizidi watatu. Maafisa wako wanaokuja kukagua shule, tafadhali wasiishie kwa skimu za kazi na faili, waitishe daftari za praktiko waangalie namba. Wakikuta darasa zima lina 4, 8, 12, 16 bila hata milimita moja kuyumba wajue hapo hakukuwa na jaribio. Daftari yenye 3.9 na 8.2 ndiyo ya mtoto aliyefanya kazi, na huyo asinyimwe alama.

Kuhusu springi zenyewe, zinunuliwe kwa wingi kwa kaunti nzima badala ya kila shule kutafuta zake, na kabla ya kila muhula fundi wa maabara azipime, iliyopita elastiki limiti ionyeshwe kwa darasa kama mfano wa springi iliyokufa lakini isipewe mtu kupimia. Pesa zikikosa, jua kali wetu wanaweza kuzikunja, mradi wapewe waya mgumu wa stili. Ule wa kufungia nondo kwa ujenzi usikubaliwe, ni laini, ukiuvuta unabaki hivyo hivyo. Nimeshakaa na mafundi tukazungusha waya kwa msumari mnene na springi zikatoka zinazofanya kazi, hazilingani zote, lakini hilo si baya maana kila kikundi kinapata k yake na hakuna kwa kunakili.

Na ile shule ambayo hata hiyo haiwezi, wachukue rababendi pana. Uivute haraka uiguse kwa mdomo wa juu, utasikia joto. Uiache irudi, utasikia imepoa. Ukipima na masi, grafu yake ya kwenda haipiti njia moja na ya kurudi, na ile nafasi katikati ya mistari miwili ni enaji iliyogeuka joto. Wanafunzi wa Gredi 10 waliochagua sayansi wanaweza kabisa kulifanya hili, na hao wa kidato cha tatu ambao watafunga KCSE ya 8-4-4 mwaka 2027 wasiachwe kwa sababu mfumo wao unaisha, bado wana muda.

Mimi niko tayari. Ukiita mafundi wa maabara wa shule za hapa Nakuru siku moja ya likizo, tukakutana kwa labu moja, nitakuja na stendi yangu na springi nilizotengeneza, tufundishane lile jaribio la kiganja, kila mtu arudi nalo shuleni kwake. Likizo ya Agosti ingetufaa zaidi, labu ziko wazi na bado kuna muda kabla ya pepa ya tatu.

Wako katika kazi,
Fundi wa maabara, Nakuru