Wanaobaki na Windows si wavivu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba watu wanaoendelea kutumia Windows huku wakinung'unika ni wavivu wa kufikiri, kwa kuwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ipo na ni ya bure. Mimi ni fundi kompyuta. Mashine yangu ya nyumbani inaendeshwa na Linux kwa miaka mingi sasa na sina mpango wa kuiacha, kwa hiyo asidhani natetea Microsoft. Ila hilo neno "wavivu" limenikera. Hao anaowatukana ndio wateja wangu.

Mtu akiniletea mashine inayoganda, swali langu la kwanza ni anaifanyia kazi gani. Mhasibu mmoja ana jedwali la mishahara la Excel lililojaa makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake ili zifanye hesabu zenyewe. Aliyelitengeneza alishastaafu na hakuacha maelezo yoyote. Nililifungua kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi (ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha), naye akiwa pembeni: tarakimu zote zikaonekana sawasawa, lakini kitufe cha kukokotoa makato kikawa hakiitikii. Mjadala wetu uliishia hapo. Mwisho wa mwezi watu wanadai mishahara yao, habari za programu huria haziwahusu. Yuko pia mchapaji wa hati za mawakili; aya zikivurugika namba baada ya faili kuhamishwa, atakayegombezwa ni yeye. Mpiga picha naye anategemea Photoshop, ambayo haijawahi kutolewa kwa ajili ya Linux. Najua nitaambiwa kuna Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 ili programu za Windows ziweze kuendeshwa ndani ya Linux. Ni kazi ya kusifiwa, na mimi naitumia. Lakini si kila programu inakubali, na mtu mwenye picha za kukabidhi kesho asubuhi hana muda wa kufanya majaribio.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndugu yangu huyu hajalala kwenye kitanda cha mhasibu.

Halafu kuna suala la nani atakusaidia ukikwama. Mwenye Windows anamuuliza wa dawati la pili, au shemeji yake, au kijana yeyote aliyepita darasa la kompyuta, na hakosi mmoja anayejua pa kubonyeza. Mwenye Linux ananipigia mimi, na pengine nimelala. Nimewawekea watu Linux wakaipenda kabisa, kisha ofisi ikanunua printa mpya ambayo draiva yake ya Linux, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia, haipo, wakarudi walikotoka. Sikuwalaumu.

Isitoshe, wengi hawakuchagua chochote. Kompyuta hufika mkononi ikiwa na Windows tayari. Kuna wakati Microsoft ilikuwa na mikataba ambayo mtengenezaji alilipia kila kompyuta aliyouza, iwe imewekewa mfumo wao au la. Sasa nani angehangaika kuweka mfumo wa kampuni nyingine na kulipa mara mbili? Serikali ya Marekani iliizuia mikataba hiyo mwaka 1994, lakini wakati huo mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Wala si mapenzi kwa kampuni. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, ofisi nyingi ziliikwepa zikabaki na Windows XP ya mwaka 2001, iliyoendelea kupata huduma hadi Aprili 2014. Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, watu walilalamika mpaka kikarudishwa katika toleo la 8.1 mwaka uliofuata. Kitufe kimoja tu! Pima hapo unachomwomba mtu unapomtaka aache mfumo mzima.

Anayedhani ni suala la kuamua tu na aitazame Munich, Ujerumani. Baraza la jiji liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ingawa Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alimwendea meya mwenyewe kumshawishi. Kufikia mwaka 2013 kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, sikatai, lakini yalikuwamo pia malalamiko ya watumishi kuhusu hati za kubadilishana na watu wa nje na programu maalumu za idara zilizotaka Windows.

Gendarmerie ya Ufaransa, kikosi cha polisi wa kijeshi, ilishika njia nyingine, na mimi kama fundi ndiyo ninayoiona ya busara. Haikuanza na mfumo. Mwaka 2005 iliwapa askari OpenOffice, programu ya ofisi inayofanana na LibreOffice, huku wakiwa bado ndani ya Windows, baadaye Firefox ya intaneti na Thunderbird ya barua pepe. Walipoanza kuwekewa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mwaka 2008, programu walizozishika kila siku zilikuwa zilezile, na hati zao zilishazoea kuhifadhiwa katika muundo usio wa kampuni moja. Hadi leo wapo kwenye Linux.

Naandika haya sasa kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizo nzima kabisa hazikubali Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) au prosesa inayotakiwa. Wenyewe wanaziita mbovu, wakati hazina ubovu wowote. Mwenye kutumia barua pepe, intaneti na kuandika barua tu, namshauri Linux bila kusita. Kwanza namwachia iendeshwe kutoka kwenye fleshi siku kadhaa, ajaribu printa yake na faili zake, ndipo niisakinishe. Mwenye jedwali la makro namwandikisha kwenye huduma ya nyongeza ya usalama, inayofika hadi Oktoba 2026 kwa watumiaji wa kawaida, na namtaka atumie muda huo kumtafuta yule mzee aliyestaafu amweleze kile kitufe kinakokotoa nini hasa.

Msomaji wako,
Fundi kompyuta