Nyota juu, nyota chini

Ngomeni, 19 Januari 2026

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, ila mimi usingizi bado nina deni nao: jana usiku nilikwenda baharini.

Mjomba unamjua, ukimwomba kitu hukataa mara tatu. Safari hii alikubali ya nne. Tukatweka tanga baada ya isha, giza la mwezi, kaskazi imelegea. Mshtarii, ile sayari kubwa, ilikuwa imeshapanda mashariki. Nikapiga hesabu: nuru yake hutumia kama dakika 35 kutufikia, basi ile niliyoiona ilitoka huko nikiwa bado natafuta kanga ya kujifunga kichwa. Lakini Kilimia, kile kishada cha nyota, ndicho kilichoniweza. Nuru yake ni ya miaka kama 440! Ilipoanza safari, Wareno walikuwa hawajaweka hata jiwe moja la Ngome ya Yesu. Mimi nilihesabu nyota sita. Mjomba, na macho yake ya miaka 73, akasema saba, na hakutaka mjadala. (Somo yako, sayari Zuhura, hakuonekana. Mwezi huu yuko nyuma ya jua, kajificha kama wewe.)

Yale majukwaa ya San Marco ya kurushia roketi tuliyaona kwa mbali, meusi, kama meza zilizosahauliwa majini. Mjomba alikuwa kijana satelaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka pale, 12 Desemba 1970. Iliitwa hivyo kwa ajili ya sikukuu yetu, ikaenda kuchora ramani ya eksirei za angani. Yeye anachokumbuka ni kwamba bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi kutazama juu, wali ukaungua.

Tulipotia nanga akazima karabai. Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Kila nyota ikapata pacha majini, na nilipochovya mkono zikazuka cheche za kijani, hata nisijue maji yanaishia wapi. Nikalala chali tezini. Unakumbuka tukilala uani kwenye jamvi, ukisema mtu akitazama sana huanguka juu? Nilikucheka. Jana nilishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili, Zuhura.

Giza la mwezi ujao litatukuta kabla tu ya Ramadhani. Panda basi uje. Ila tochi ya simu usiiwashe, mjomba atakutosa nayo.

Wako,
Mwanajuma